Sina Kazi, Nauza Maandazi Tu

Mwezi uliopita nilishinda zahanati na mwanangu aliyekuwa na homa. Mbele yetu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi. Zamu yake ilipofika, mhudumu wa mapokezi akamwuliza kama anavyouliza kila mtu: jina, umri, mtaa, kazi.

"Sina," akajibu. Kisha, kama mtu aliyehisi amekosea, akaongeza: "Nauza maandazi tu."

Mhudumu akaandika "Hana" na kuita mwingine.

Nilimtazama yule mama vizuri alipokuja kukaa kwenye benchi. Pindo la kanga yake lilikuwa na unga uliokauka. Mkono wa kulia, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, ulikuwa na alama za mafuta yaliyomrukia, nyingine za zamani zimeshakuwa nyeusi, moja mbichi bado ina malengelenge. Tukaanza kuongea. Unga anaukanda usiku watoto wakishalala. Saa tisa na nusu anaamka kusukuma, kukata na kuchoma. Kabla ya saa kumi na mbili maandazi yameshafika kwenye maduka mawili na kijiwe cha bodaboda, mengine anayatembeza mwenyewe kwenye ndoo. Saa nne anarudi kukusanya hela yake, na humo humo anatafuta unga wa kesho. Siku sita kwa wiki, mwaka wa saba huu. Ada ya mtoto wa kwanza imetoka kwenye ile ndoo.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza majibu ya watu wakiulizwa wanafanya kazi gani. Nipo nipo tu. Nabangaiza. Naungaunga. Nahangaika na maisha. Mishemishe za hapa na pale. Kijana anayeshona viatu sokoni kwetu tangu nikiwa sekondari aliniambia juzi, "Bado sijapata kazi, kaka." Sindano ilikuwa mkononi, uzi mdomoni.

Wataalamu wa takwimu wana kipimo chao. Kwa kanuni ya kimataifa inayotumika kwenye tafiti za nguvu kazi, mtu aliyefanya shughuli ya kumwingizia kipato japo kwa saa moja katika wiki inayoulizwa anahesabiwa kuwa ana kazi. Kwa kipimo hicho yule mama ameajiriwa kabla jua la Jumatatu halijachomoza. Kwa kipimo chake mwenyewe, miaka saba haijatosha. Mmoja kati yao ana jambo la kujifunza kwa mwenzake, na kwa muda mrefu nilidhani ni yule mama. Nilidhani tatizo ni aibu, ni kasumba, kwamba tukimfundisha kujivunia anachokifanya mambo yatakaa sawa. Sasa sidhani hivyo. Lakini kwanza tuitazame hiyo aibu, maana ipo, na haikuanguka kutoka mbinguni.

Lugha yenyewe inasimulia. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi cha mtu wa kutwa, na jina la karatasi likawa jina la mtu. Kwenye mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro watu waliochukuliwa mbali na makwao waliandikishwa kwa namba, wakaitwa manamba, na mpaka leo ukitaka kumtukana mtu kwamba anatumikishwa unamwita hivyo. Kenya, kuanzia 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, cheti cha kazi kilichokaa ndani ya kikopo kilichoning'inia shingoni. Hata mtumwa na mtumishi ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Mmoja tunamwonea huruma, mwingine tunampigia magoti atuchumbie binti.

Mjini hali ilikuwa kali zaidi. Miaka ya 1940 watawala wa Kiingereza walitunga sheria ya kuwaondoa Dar es Salaam Waafrika waliowaita wasiotakiwa, na asiye na mwajiri aliitwa mhuni, hata kama alikuwa anauza samaki. Uhuru ukaja na wito wa kazi, "Uhuru na Kazi", na nina hakika waliousema waliumaanisha. Lakini mwaka 1983, uchumi ulipobana, ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Kila mwenye uwezo alitakiwa afanye kazi na aweze kuonyesha kwamba anafanya. Dar es Salaam wakakamatwa watu barabarani na wengi wakasafirishwa vijijini na kwenye mashamba kwa kosa la uzururaji. Humo walikuwemo wachuuzi na wang'arisha viatu, watu waliokamatwa wakiwa na zana zao mkononi. Mjomba wangu mmoja alikuwa kijana wakati huo, akiuza kahawa na kashata Ilala. Alijifunza kutembea na kitambulisho cha rafiki yake wa kiwandani. Mpaka anafariki alikuwa akituambia, "Kazi ni ile yenye karatasi."

Ukilelewa na mtu wa namna hiyo utajibuje dirishani?

Nchi jirani walipewa jina ambalo kwa kiasi fulani liliwasaidia. Kenya mafundi wa vyuma na mabati waliitwa jua kali kwa sababu hawakuwa na paa, na katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mabanda yakaanza kujengwa na jina likaingia kwenye karatasi za serikali. Leo zaidi ya asilimia 80 ya wenye kazi Kenya wako huko, nje ya ajira za ofisi na viwanda. Hata lile neno la kitaalamu, sekta isiyo rasmi, lilienea duniani baada ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972. Mimi neno hilo silipendi. Linamtaja mtu kwa kitu alichokosa. Unapomwita mwenzako asiye rasmi, umeshamwandikia "Hana".

Lakini nilisema aibu siyo kiini cha jambo. Kilichonibadilisha mawazo ni daftari.

Jirani yangu ni mama lishe, mama ntilie kama tulivyozoea kuwaita, jina lililotokana na wateja wenyewe, mama nitilie. Kibanda chake kipo karibu na eneo la ujenzi. Jumapili moja nilimwomba anionyeshe hesabu zake, akatoa daftari la shule lenye kurasa zilizolainika kwa mvuke. Siku ya kawaida anapika mchele kilo kumi, maharage kilo nne, nyama kilo tatu, na mboga. Ukijumlisha mafuta, nyanya, mkaa, maji, ujira wa binti anayemsaidia na kodi ya kibanda aliyoigawa kwa siku, zinamtoka kama 110,000. Sahani za maharage anauza 2,000, za nyama 2,500. Zikiisha zote anakusanya kama 144,000. Kwa hiyo siku nzuri inambakizia 34,000. Siku mbaya 15,000, kwa sababu kuna mafundi wanaosema "mama, andika" na kuna ambao ukurasa wao haujawahi kufutwa. Siku ya mvua kubwa mafundi hawaji kabisa na chakula analisha majirani. Mimi mwenyewe nimekula sana wali wa mvua.

Tukapiga hesabu ya mwezi, siku ishirini na sita, mbaya kwa nzuri. Ikaja laki sita na kitu.

Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania ni shilingi 500,000, baada ya Rais Samia kukipandisha kutoka 370,000 siku ya Mei Mosi pale Singida. Mama huyu ana mpwa wake mwenye kazi ya aina hiyo, mhudumu wa ofisi ya serikali. Vikao vya ukoo vinamsubiri yule mpwa. Shangazi, anayeingiza zaidi, huulizwa tu atachangia chakula gani.

Nikamwambia, "Mama, wewe unamzidi mpwa wako kipato." Nilitegemea afurahi. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto.

"Unaona ukurasa huu?" akasema. Mwezi wa tatu. Kurasa nne hazikuwa na kitu. Alilazwa kwa malaria siku tatu, ya nne akashindwa kusimama. Aliporudi, mafundi walishahamia kwa mama mwingine upande wa pili wa barabara, na ilimchukua wiki mbili kuwarudisha nusu yao. "Yeye akiugua," akasema, yaani mpwa wake, "anaugua na mshahara wake."

Nimelifikiria jambo hilo sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, siku 84 za uzazi, ruhusa ya ugonjwa yenye malipo, na wiki ya kazi isiyozidi saa 45. Juu ya hapo kuna mfuko wa hifadhi ya jamii. Hayo yote ukiyaweka kwenye mzani kwa shilingi, mpwa anarudi kuwa juu. Ila mama lishe hakuwa anazungumzia shilingi. Anachokikosa ni kuijua kesho yake. Na hapo ndipo nilipoelewa lile "tu" la mama wa maandazi. Halikuwa la unyonge peke yake. Anaposema "sina kazi" anatoa taarifa sahihi: ninachokifanya hakinishiki nikianguka. Kwa Kiswahili cha mtaani, kazi siyo jasho. Jasho kila mtu analo. Kazi ni uhakika.

Ukilisoma neno hivyo, mambo mengi tunayoyaita upuuzi yanaeleweka. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027, yaani karibu watu 85 kwa kiti kimoja. Kila jambo kama hilo likitokea, wazee na viongozi wanawasema vijana: wanachagua kazi, wanataka kukaa kwenye kiyoyozi, wajiajiri. Nimewaona hao vijana. Wengi wao walikuwa wameshajiajiri kabla ya kuomba. Waliacha genge, waliacha saluni, waliacha pikipiki, wakaenda kupanga foleni. Mtu anayeacha 20,000 ya leo kwenda kutafuta nafasi moja kati ya 85 siyo mvivu. Amepiga hesabu ya miaka thelathini.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi katika habari hii, na sijaona likisemwa vya kutosha. Uhakika wenyewe ni mtaji. Mwenye mshahara anachukua salary slip yake benki na kutoka na mkopo wa miaka kadhaa, marejesho yanakatwa polepole kabla hata hajaiona hela. Mama lishe wangu benki hawamjui. Jiko lake lilipoungua mwaka jana alienda kwa wale tunaowaita kausha damu. Alisaini laki tatu, akapewa mkononi 270,000, iliyobaki ikaitwa ya fomu. Akatakiwa kurejesha 13,000 kila siku kwa siku thelathini. Piga hesabu: 390,000. Kijana wa kukusanya alikuwa anakuja saa tisa alasiri, anakaa kwenye benchi la wateja, anasubiri kimya na simu yake. Wateja wakamjua. Mwezi mzima mama yule alipika kwa ajili ya lile benchi.

Ipo mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba, na ni jambo jema kabisa. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kugundulika vikundi hewa, ikarejeshwa 2024. Lakini kwa kawaida inataka kikundi, katiba ya kikundi, na vikao vya saa za mchana, wakati mama lishe saa za mchana ndiyo anapakua. Yeye na wenzake wana mchezo wao, kila mmoja anatoa 5,000 kwa siku na kijumbe anakabidhi kwa zamu. Mchezo huo ndio umemjengea choo na kumnunulia jokofu. Hakuna ofisi inayoujua.

Kwa upande mwingine wa uhakika kuna watu wanaoitwa matajiri pale kijiweni kwetu. Ukichunguza pikipiki za bodaboda zilizopangwa chini ya mwarobaini, wenyewe ni nani? Mwalimu wa sekondari ana mbili. Muuguzi ana moja. Karani wa mahakama ana tatu. Watu wema, na mishahara yao haiwatoshi; nao kazi zao wanazilalamikia sana, mwalimu hasa, anayesahihisha madaftari ya wanafunzi zaidi ya mia kwa mshahara ulioliwa na makato. Walikopa kwa dhamana ya mishahara, wakanunua pikipiki ya milioni 2.8, wakamkabidhi kijana kwa hesabu ya 8,000 kwa siku. Ndani ya mwaka mmoja na miezi miwili hivi hela imerudi. Kijana anaweka mafuta, anabadilisha oili, akikamatwa faini ni yake, akianguka mguu ni wake. Kwa hiyo salary slip ya mmoja inazaa hesabu ya mwingine kila jioni. Kinachowatenganisha wawili hawa hakihusiani na bidii.

Daladala ndiyo mahali ambapo hili linaonekana kwa macho. Mwenye gari anapanga hesabu yake, dereva na konda wanaishi kwa kinachozidi. Tajiri hapunguzi hesabu kwa sababu ya foleni au mvua. Ndiyo maana gari linakatisha ruti, ndiyo maana mwanafunzi anaachwa kituoni, ndiyo maana konda ananing'inia mlangoni na abiria wanabanwa kama dagaa. Dereva akichoka anampa deiwaka, dereva asiye na gari anayesubiri mwenzake achoke ili naye apate tripu mbili tatu. Tunawaita wahuni, neno lile lile la miaka ya 1940. Madereva walipogoma Aprili 2015 na usafiri ukasimama, mojawapo ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Karatasi. Sheria ya 2004 ilishasema muda mrefu kwamba mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Pande zote mbili zinaijua. Lakini mpaka leo panda daladala yoyote umwulize konda mkataba wake uko wapi. Atakuonyesha mshiko wa hela alioukunja katikati ya vidole.

Wasichana wa kazi za ndani wanahitaji makala yao. Niseme moja tu. Neno kazi limo ndani ya jina la kila mmoja wao, dada wa kazi, na amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea 60,000 kwa mwezi kama analala kwa mwajiri. Analala kwa mwajiri maana yake anaamshwa mtoto akilia.

Ikiwa nimeelewa sawasawa kilicho nyuma ya neno "tu", basi mahubiri ya kujivunia kazi hayatusaidii sana. Watu wengi ninaowafahamu wanaipenda kazi yao. Fundi cherehani wa mtaani kwetu hukataa kuiachia suruali ambayo hajairidhia, hata mteja akisema inatosha. Mama lishe hana mzaha na maharage yake; anayaloweka, anayachagua, mafundi wanavuka barabara mbili kuyafuata. Mama wa maandazi aliniambia, bila kuulizwa, kwamba iliki anaitwanga mwenyewe kwa sababu ya dukani haina harufu. Fahari ipo tele. Haijawahi kumlaza mtu hospitali bila kupoteza wateja.

Kinachotakiwa ni kuupeleka uhakika kule kazi iliko, badala ya kuwasubirisha watu mlangoni mwa ajira chache. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na mtihani wake ni yule mama aliyeandikiwa "Hana": atachangiaje, kwa siku au kwa mwaka? Mtu anayepata hela kwa siku anaweza kulipa 500 jioni kwa simu. Hawezi kutoa laki na nusu Januari, mwezi wa ada. Waliobuni mchezo walilijua hilo zamani, na ningependa waandaaji wa mifuko yetu wakakae na kijumbe mmoja wamwulize anakusanyaje bila kukosa.

Jambo la pili ni mahali. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Nakumbuka wachuuzi wa Kariakoo walivyovivaa shingoni. Nilishtuka kidogo, kwa sababu ya kile kipande cha Kenya, lakini wao walikuwa wanacheka, wanaviweka mbele ya shati ili mgambo avione kutoka mbali. Sasa kulikuwa na karatasi inayosema mimi ninafanya kazi. Mwaka 2021 wamachinga wakaondolewa barabarani nchi nzima na wengi wakapelekwa kwenye maeneo yasiyo na wapita njia. Naelewa hoja ya barabara kupitika. Natembea kwa miguu, najua. Ila mchuuzi alijifunza kwamba hata karatasi ikiwepo, inaweza kuisha nguvu usiku mmoja. Ukishaifundisha nchi mara mbili, 1983 na 2021, kwamba riziki ya mtaani inaweza kufutwa hivyo, usishangae kijana akitamani kiti cha ofisi peke yake.

Pale kijiweni kwetu kuna dereva wanamwita Ticha. Ana shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili, alimaliza 2019. Pikipiki anayoendesha ni ya mwalimu mwenzake, yule mwenye mbili, ambaye alipata ajira miaka mingi kabla yake. Jioni akipeleka hesabu wanaongea kidogo mambo ya mitaala, kisha anahesabu zile elfu nane.

Mwaka huu Ticha aliitwa usaili Dodoma. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Akamwendea tajiri wake kuomba ruhusa ya siku nne.

"Mdogo wangu, nenda, Mungu akusimamie," mwalimu akamwambia. "Lakini hesabu ya siku nne ananipa nani? Na mimi nina marejesho."

Ticha alifunga safari usiku na basi, shati limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki lisichafuke. Aliporudi Jumamosi asubuhi alipitia kijiweni kabla ya kwenda nyumbani. Pikipiki ilikuwa chini ya mwarobaini, imeoshwa, na juu yake amekaa kijana mwingine. Tulimpisha Ticha kwenye benchi. Akamwuliza yule kijana kama breki ya nyuma bado inavuta upande, akamwelekeza namna ya kuikaza.